Mbwa Aliyetolewa Guniani

Mimi ni Tabitha, mke wa pili wa marehemu Mogesi wa hapa Nyanungu, na ninayemsimulia ni Bhoke, mke wa kwanza. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani namsifu mke mwenzangu kwa kuwa tulikuwa tunapendana. Miaka kumi ya mwanzo hatukupendana hata kidogo. Niliingia mji ule, boma la Mogesi, nina miaka kumi na tisa, yeye ana thelathini na moja, na siku ya kwanza alinikabidhi jembe, akanionyesha shamba la mtama, akaenda zake. Salamu nilipewa kesho yake.

Bhoke ni mwanamke mfupi mwenye mikono mirefu kuliko kimo chake, na mikono hiyo ndiyo iliyompa jina. Ng'ombe akishindwa kuzaa, Nyanungu nzima wanajua pa kwenda. Hujipaka mafuta ya kupikia mpaka begani, hulala chini kwenye mavi na matope, na humtafuta ndama kwa vidole amefumba macho, huku akimtukana mwenye ng'ombe kwa kuchelewa kumwita. Hachagui wa kumtukana. Mwalimu ametukanwa, mwinjilisti ametukanwa, na shemeji yetu Wangwe, mdogo wake Mogesi, ametukanwa mara mbili na mara zote mbili akabaki na ndama mzima.

Yeye mwenyewe alizaa watoto wawili na hakuna aliyefika kutambaa. Mimi nikazaa wasichana wanne, na wote wanne walikulia mgongoni mwake kuliko mgongoni mwangu. Mogesi alipofariki, miaka tisa sasa, tulibaki wajane wawili na mabinti, mwana wa kiume hata wa dawa hatuna. Katika mji wa namna hiyo anayesimama kwa niaba yenu ni ndugu wa marehemu. Kwetu alisimama Wangwe. Yeye ndiye aliyeongea na wakwe, yeye ndiye aliyepokea ng'ombe wa mahari wa mabinti watatu, na mwaka jana tulikuwa tunamtegemea apokee wa Frida, kitinda mimba wangu. Naomba hilo mlikumbuke, maana ndilo lililotufunga midomo.

Sasa huyo mbwa. Wangwe alipewa na dereva mmoja wa lori kule Sirari, akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia, ndiyo maana wakamwita Dereva. Akakua, akawa mbwa mkubwa wa kahawia mwenye masikio yaliyochanika kwa kupigana. Miaka sita iliyopita wezi waliswaga ng'ombe kumi na saba wa Wangwe. Wanaume wakafuata nyayo kama ilivyo desturi yetu, kijiji hiki kikiwakabidhi wenzao wa kijiji cha mbele, na kila kijiji kikionyesha nyayo zimetokea wapi. Mvua ikanyesha, nyayo zikafutika, wanaume wakakaa chini wakaanza kulaumiana. Dereva hakukaa. Aliendelea na pua yake hadi bondeni kwenye vichaka, na ng'ombe kumi na sita wakarudi. Wangwe alichinja beberu. Alisema mbele ya watu, na nilimsikia kwa masikio yangu haya, kwamba mbwa huyu atakula nyama kwake mpaka siku ya kufa.

Mwaka uliofuata waya wa mtego wa wanyamapori ulimkata mguu wa nyuma. Akachunga kwa miguu mitatu. Halafu mwaka juzi swila alitaka kuingia banda la ndama, Dereva akamzuia, nyoka akamtemea sumu machoni. Hakuna aliyemwosha macho siku hiyo kwa sababu ilikuwa siku ya mnada na kila mtu alikuwa na haraka. Macho yakageuka meupe. Isitoshe alikuwa ameshazeeka, miaka kumi na moja, meno ya mbele hana, mkojo unamtoka bila mwenyewe kujua. Hapo ndipo ile nyama ya Wangwe ilipoisha.

Yaliyofuata alinieleza Bhoke mwenyewe siku ileile, nguo zake zikiwa bado zinachuruzika maji.

Ilikuwa kiangazi, saa nne za asubuhi. Alikuwa bondeni anakata nyasi za kuezekea banda la kuku, akamwona Wangwe anashuka na baiskeli, nyuma amefunga gunia la mbolea. Wangwe alilishusha, akaliweka ukingoni mwa dimbwi, akasimama. Alisimama sana. Akaokota jiwe, akaliweka chini. Akaokota lingine, akaliweka pia. Mwishowe akalisukuma lile gunia kwa buti likaingia majini, akageuka upesi aondoke, na mbele yake amesimama Bhoke na mundu.

"Shemeji," Wangwe alisema, "wewe hujaona kitu."

"Nimeona gunia. Gunia linarusha miguu."

"Nakuomba usiniaibishe. Watu wakijua nimemtupa mbwa yule watasema nini?"

"Mtoe."

"Siwezi kurudi naye nyumbani. Ananuka mkojo, anagonga masufuria, wageni wanacheka. Nilitaka nimpige rungu, mkono umekataa."

Bhoke alikuwa ameshaingia majini mpaka kiunoni. Alilivuta gunia, akalipasua kwa mundu, na kichwa cha Dereva kikatokea kinakohoa.

"Basi nenda zako," alimwambia Wangwe. "Sijaona kitu."

"Na wakikuuliza umemtoa wapi?"

"Nitasema alikuja mwenyewe mjini kwangu. Nenda, mura, kabla sijaanza kukutukana."

Hivyo ndivyo alivyoahidi. Na ahadi hiyo, nasema mpaka leo, ndiyo kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyafanya Bhoke, mwanamke ambaye hakosei ndama amelalaje tumboni. Kwetu mnyama akiingia mjini kwako bila mwenyewe, awe ng'ombe, awe mbuzi, unatangaza mkutanoni. Usipotangaza, umeiba. Kila mtu anajua, hata mtoto. Lakini Bhoke atangaze nini, na mwenye mbwa ndiye aliyemsukuma majini na akakubaliana naye uso kwa uso? Alimwamini. Alimsitiri shemeji yake, akadhani anayesitiriwa naye atasitiri.

Mimi nilipomwona mbwa yule nyuma ya jiko nilikasirika. Sikuficha.

"Hatuna shida za kutosha hapa?" nilimuuliza. "Umetuletea kipofu kilema asiye na meno?"

"Hata wewe meno yako siyo yale uliyokuja nayo," akanijibu, akaendelea kumkausha na kanga yangu. Yangu, siyo yake.

Nilidhani mbwa atakufa ndani ya wiki. Hakufa. Bhoke alimpikia uji wa mtama mwepesi, akauchanganya na maziwa, akamlisha kwa mkono mpaka alipojua bakuli lilipo. Macho alimwosha asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Alimtoa kupe mmoja mmoja. Pale alipolala alitandika magunia na kumwaga majivu chini yake yanyonye mkojo, na kila asubuhi aliyazoa yale majivu akaenda kuyatupa migombani, akarudi, akamwaga mengine. Halafu akafunga kengele ya mbuzi kwenye pindo la gauni lake ili mbwa ajue anakoelekea. Mwanamke wa miaka sitini, anayeheshimiwa, anapita sokoni analia kama mbuzi na nyuma yake mbwa kipofu anaruka kwa miguu mitatu! Watoto walitufuata wakiimba. Watu wazima walisubiri tupite ndipo wacheke, wengine wakashindwa kusubiri.

Nyumbani nako ikawa sheria juu ya sheria. Ndoo isihamishwe. Kigoda kisihamishwe. Jiwe la kusagia likae palepale. Nikawa naomba ruhusa ya kusogeza ndoo katika mji wangu mwenyewe. Siku moja nilisahau kigoda njiani, Dereva akaja anatembea kwa kujiamini akakigonga kwa pua, puu! Hakubweka. Alirudi nyuma, akakitikisia mkia kile kigoda kama anayeomba radhi, akakizunguka. Nilihisi vibaya, na kwa kuwa nilihisi vibaya nikakasirika zaidi. Kuanzia siku hiyo sikuacha tena kitu njiani. Sisemi nilimpenda. Nilimzoea.

Bwana mifugo, Sylvester, alipopita na chanjo ya kichaa cha mbwa alimtazama akatikisa kichwa. "Mama Bhoke, huyu angechomwa sindano moja tu akapumzika."

"Utakapozeeka nitamshauri mkeo hivyohivyo."

Sylvester alicheka mpaka akakaa. Akamchanja, na kesho yake akaleta mafuta ya macho bila kuombwa. Nayataja haya kwa sababu katika habari hii yote mwanaume aliyefanya jambo la maana ni huyo.

Miezi minne ilipita hivyo. Sasa watu wana kumbukumbu. Mbwa alipokuwa amefichwa nyuma ya nyumba ya Wangwe walimsahau, lakini alipoanza kupita sokoni kila Jumatano wakaanza kuulizana. Huyu si yule aliyerudisha ng'ombe kumi na sita? Mbona yuko kwa wajane? Wangwe si aliapa? Mahali wanapokunywa pombe wakapata cha kumtania. Mmoja akamuuliza kama mbwa wake ameolewa. Mwingine akamwambia, wewe Wangwe ukizeeka tutakutafuta kwa Bhoke. Wakurya tunajua kutania, na Wangwe ni mtu wa heshima yake, anapiga pasi hata suruali ya kuchungia.

Akaja kwetu siku ya Jumapili, hakukaa, hakunywa hata maji.

"Shemeji, huyu mbwa nataka umfunge nyuma asionekane. Au tummalize, mambo yaishe."

"Amekukosea nini?"

"Ananitembeza sokoni! Kila anapopita ni mimi ninayepita."

"Basi pita vizuri."

"Bhoke!"

"Wangwe. Ulimleta bondeni mwenyewe kwa mkono wako. Mimi nimenyamaza, sijamwambia mtu. Na wewe nyamaza."

Alinitazama mimi, akagundua kwamba nami najua. Nikaona shingo inamvimba. Akaondoka bila kuaga, na siku ya nne tukaletewa wito kwamba Bhoke ameitwa kwenye ritongo, yaani mkutano wa kijiji wa kuhukumu mambo kama hayo. Alete na mbwa. Shitaka ni wizi.

Wizi! Msomaji asiye wa huku hawezi kujua neno hilo lina uzito gani Tarime. Sisi ni watu tulioibiwa na tulioiba, tumezika watu kwa sababu ya ng'ombe. Ukimwita mtu mwizi mbele ya ritongo umemvua nguo. Na anayeitwa hivyo ni mwanamke ambaye hajawahi kudai hata yai kwa ndama aliyemtoa. Niliruka. Nilisema naenda mimi mwenyewe kwa Wangwe nikamweleze habari zake mbele ya wake zake. Bhoke akanishika mkono.

"Hutasema neno," alisema. "Si kwake, si mkutanoni. Wakwe wa Frida wanakuja mwezi ujao. Ng'ombe watapokelewa na nani?"

Ngoja niseme ukweli ambao unaniudhi mpaka leo. Sikubishana. Nilinyamaza haraka sana. Niliwaza harusi ya binti yangu, nikawaza mbwa ni mbwa tu, nikaona Bhoke amenirahisishia. Nilikubali jina lake lichafuliwe ili ng'ombe wangu wafike salama, na nikamshukuru hata, Mungu anisamehe.

Mkutano ulikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, wazee kwenye mabenchi, sisi wengine chini au tumesimama. Aliyeongoza ni mzee Nchagwa, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Bhoke alikaa peke yake mbele na Dereva miguuni, kamba shingoni. Pembeni, ameegemea ukuta wa mashine, alikuwa Marwa, jirani yake Wangwe, na rungu lake. Hakuna aliyemuuliza amelileta la nini. Wote tulijua.

Wangwe alisimama na shati lake la pasi.

"Wazee, shikamooni. Mbwa wangu alipotea miezi minne iliyopita. Mnamfahamu, ndiye aliyerudisha ng'ombe wangu. Nimemtafuta sana. Kumbe yuko kwa shemeji yangu. Yeye mwenyewe amewaambia watu kwamba mbwa alikuja mjini kwake. Sawa, mnyama anaweza kupotea akaingia kwa mtu. Lakini je, alitangaza? Nani alimsikia akitangaza? Nilipoenda kumwomba, akanikatalia. Sipendi kusema, ni mke wa kaka yangu. Lakini desturi ni desturi."

Nimemtafuta sana! Maneno aliyowekewa na Bhoke kumkinga na aibu ndiyo hayohayo anayageuza kuwa fimbo ya kumpigia. Na aliyasema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayeonewa. Wazee wakatikisa vichwa. Kwa yale waliyoyasikia, alikuwa na haki.

"Bhoke," mzee Nchagwa alisema, "mbwa alikuja mwenyewe kwako?"

"Nilisema hivyo," akajibu.

"Na hukutangaza?"

"Sikutangaza."

"Kwa nini? Wewe ni mtu mzima, unaijua desturi."

Alimtazama Wangwe. Alimpa nafasi, niliiona kwa macho yangu. Wangwe alikuwa anaangalia bati la mashine. Kisha Bhoke akasema kwa sauti ambayo hata walio nyuma walisikia, "Basi niandikeni mwizi. Nimeiba. Nina mbuzi mwenye maziwa, nitamtoa, mbwa abaki kwangu."

Watu wakaguna. Wazee wakainamiana, wakanong'ona kidogo, na mzee Nchagwa akasimama. Kwa vile mwenyewe amekiri, alisema, mbuzi atatoka kama faini. Lakini mwizi halipi akabaki na mali. Mbwa anarudi kwa mwenyewe.

Nilimwona Bhoke anaelewa. Alidhani amenunua maisha ya mbwa kwa jina lake, na sasa jina limekwenda na mbwa anakwenda. Hakulia. Alianza kufungua kamba kwenye mkono wake kwa vidole vilevile vya kutolea ndama, na vidole vilikuwa vinakosea fundo.

Wangwe akaja mbele kuchukua kamba. Marwa akajitoa ukutani. Hapo Dereva, aliyekuwa amelala muda wote kama gunia tupu, akainua kichwa. Pua ikaanza kucheza. Akasimama kwa mguu wake mmoja wa nyuma, akayumba, akamwendea Wangwe moja kwa moja, akaanza kulia kile kilio cha mbwa aliyefurahi, akajisugua kwenye buti, akalilamba. Buti lilelile lililomsukuma majini. Mkia ulikuwa unapiga suruali ya pasi pa, pa, pa. Miezi minne ya uji na majivu na maji ya chumvi, kwetu hajawahi kufurahi hivyo hata siku moja.

"Mnaona," Wangwe alisema, "anamjua mwenyewe."

Nikasimama. Sikumbuki kuamua kusimama.

"Anamjua kweli!" nilisema. "Sasa waambie na wazee mlivyoachana. Waambie lile gunia la mbolea lilikuwa la nani!"

"Tabitha, kaa chini," Bhoke alisema.

"Sikai! Nimekaa vya kutosha! Wazee, mbwa huyu hakupotea. Shemeji yangu alimtia guniani akampeleka bondeni kwa baiskeli, mchana kweupe, akamsukuma dimbwini kwa buti hilohilo analolambwa. Bhoke alimvua akiwa anakunywa maji. Wangwe akamwomba asimwaibishe, na huyu mjinga akakubali, akawadanganya nyinyi nyote kwamba mbwa alikuja mwenyewe, ili shemeji yake aendelee kupiga pasi mashati. Leo anamwita mwizi! Na amenyamaza mbele yenu kwa ajili ya ng'ombe wa binti yangu, na mimi nimenyamaza naye, ndiyo, niandikeni na mimi. Wangwe, kama nasema uongo, basi tuape wote wawili hapa hapa."

Kuapa mbele ya ritongo si mchezo. Mtu haapi uongo pale akalala usingizi. Mashine ilikuwa imezimwa, na palikuwa kimya kiasi cha kusikia mkia wa mbwa.

"Wangwe," mzee Nchagwa alisema. "Utaapa?"

Wangwe alikuwa ameshika kamba. Alijaribu kumsogeza Dereva kwa mguu, taratibu, kama mtu asiyetaka waone. Mbwa akadhani ni mchezo. Akajilaza chali, akampa tumbo lake lote lenye mvi, miguu mitatu juu. Hakuna aliyecheka.

"Wangwe, tunakungoja."

Aliachia kamba. Alipita katikati ya watu, wakampisha, akaelekea barabarani anatembea haraka. Marwa akaliangalia rungu lake, akalificha nyuma ya mgongo. Mzee Nchagwa akatangaza kwamba hakuna mwizi, mbuzi abaki alipo, na mbwa ni wa Bhoke, kesi imekwisha. Nikageuka nimshike Bhoke mkono, nikijua tumeshinda.

Hakuwepo. Dereva alikuwa ameinuka na kumfuata Wangwe. Alikuwa anaruka kwa miguu mitatu, kamba inaburuzika nyuma yake, pua chini, akigonga mawe, akianguka, akiinuka, na Bhoke anamkimbilia akimwita kwa jina. Kengele ya gauni lake ilikuwa inalia kwa nguvu na mbwa haisikilizi. Nilimfuata. Tulimkuta njia panda ya kwenda kwa Wangwe, ameshindwa, kifua kinapanda na kushuka, amesimama ameelekeza uso kule njia ilikoelekea. Wangwe mwenyewe alikuwa mbali, shati jeupe tu linaonekana kwenye mahindi, na hakugeuka.

Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilimkasirikia Wangwe, lakini huyo nilishamzoea. Nilimkasirikia mbwa.

"Mpumbavu wewe!" nilimfokea. "Tumekupa uji! Tumekuzolea mikojo! Bhoke amejiita mwizi kwa ajili yako!"

"Usimtukane," Bhoke alisema.

"Nimtukane nani basi?"

"Mimi ninakutukana wewe. Nani alikutuma kusema? Nilikwambia unyamaze. Nilishajimaliza mwenyewe, jambo lilikuwa limekwisha."

"Na mbwa angekufa!"

"Na Frida?" Sasa ndipo alipolia, kwa hasira, akijifuta kwa kiganja. "Wangwe hatapokea ng'ombe wa mtoto yule tena. Nimembeba mgongoni mtoto yule. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mama yake mkubwa si mwizi. Mengine tutayatafutia mtu. Akikosekana mtu, utawapokea wewe."

Alikuwa bado amenikasirikia, na alikaa wiki mbili nzima bila kunisemesha zaidi ya chumvi iko wapi, mpaka Frida mwenyewe alipokuja akatugombeza wote wawili. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile tulisimama njia panda na jua limetupiga utosini. Niliinama nikashika kamba, nikaivuta kidogo.

"Twende nyumbani," nilisema.

Dereva hakusogea. Pua yake ilikuwa bado inaelekea kwenye mahindi na mkia unatikisika, polepole sasa.

"Mwache kwanza," Bhoke alisema. "Bado anaisikia harufu yake."

Nikaachia kamba. Tulisimama pale juani, sisi wawili tusiosemeshana, tukingoja mkia utulie.